Kipindi Kikipita Kinakwenda Wapi?

Sogeeni, wapwa zangu, sogeeni. Leo nina kisa cha msichana aliyenuna.

Alinuna kwa sababu gani? Kwa sababu ya kipindi cha televisheni. Msicheke! Hata watu wazima hununa kwa ajili ya televisheni. Nawajua mababa wenye ndevu waliokwenda kulala bila kula kwa sababu umeme ulikatika timu zikiwa zinapiga penalti.

Msichana wetu anaitwa Mwanaidi. Anakaa Mbagala, Dar es Salaam, na mama yake na kaka yake Shomari. Mwanaidi ana kipindi chake. Wewe nawe unacho chako, usinifiche. Chake yeye ni Ubongo Kids, ile katuni ya hesabu na sayansi inayotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014. Kikiwa kinakuja asubuhi ya Jumamosi, siku hiyo Mwanaidi haamshwi. Anaamka mwenyewe. Anafagia uani bila kutumwa, anaosha vyombo bila kutumwa, anaoga, anakaa mkekani na rimoti mkononi. Mama yake husema, laiti kila siku ingekuwa Jumamosi.

Sasa, Jumamosi moja mita ya Luku iliamka na taa nyekundu. Mnaijua taa ile. Inasema: jamani, zimebaki uniti chache.

Mama akamwita Shomari. "Shika elfu mbili. Nenda kwa wakala ununue umeme, urudi mbio. Mwenzio ana kipindi chake."

"Sawa, Mama."

Shomari akatoka mbio. Mbio zilikuwa za kweli, mimi namtetea hapo. Lakini baina ya nyumba yao na kwa wakala kuna kibanda umiza. Kile cha mabati, chenye mabenchi ya mbao, unalipa unaingia unaangalia mpira au filamu. Asubuhi ile walikuwa wanaonyesha filamu ya Kichina iliyotiwa Kiswahili, na mtiaji maneno alikuwa amechangamka kweli kweli. Shomari akasimama mlangoni. Akajiambia, dakika moja tu.

Mwenye kibanda hakumfukuza. Ndiyo balaa lenyewe.

Kule nyumbani feni ikazunguka polepole, polepole, ikasimama. Kioo cha televisheni kikawa cheusi. Mwanaidi akaiona sura yake mwenyewe ndani ya kioo, na rimoti mkononi.

Shomari alipokuja, jasho lilikuwa linamtoka. Mkononi ana kikaratasi chenye tarakimu 20. Akaanza kuzibonyeza kwenye mita. Wino ulikuwa hafifu. "Hii ni moja au saba?" Mwanaidi hakujibu. Akabonyeza moja, mita ikakataa. Akaanza upya, zote 20, safari hii na saba. Ikakubali. Feni ikaamka. Televisheni ikaamka. Na kwenye kioo yakawa yanapanda majina ya watengenezaji, madogo madogo, na wimbo wa mwisho unaishia. Halafu likaja tangazo la sabuni.

Mwanaidi hakulia. Afadhali angelia. Alinuna. Akanuna kweli kweli.

"Haya, samahani basi," Shomari akasema, macho yakiwa kwenye tangazo la sabuni.

Niwaambieni kitu, wapwa zangu. Ile samahani naijua. Ile yenye "haya" mbele na "basi" nyuma. Ile haiombi kitu. Inataka tu mambo yaishe mtu aende zake kucheza.

Mchana Mwanaidi hakumsemesha kaka yake. Jioni hakumsemesha. Walikula ubwabwa na maharage kwenye sinia moja, na Mwanaidi akachora mstari kwa kijiko katikati ya wali ili vijiko vyao visikutane. Usiku akajilaza sebuleni peke yake, akauliza hewani:

"Kipindi changu kimekwenda wapi?"

Swali zuri hilo! Ningekuwapo ningempa peremende. Watu wengi hukosa vipindi wakaishia kulalamika tu. Mwanaidi aliuliza kimekwenda wapi. Na kwa kuwa aliuliza vizuri, akajibiwa.

"Kimeshapita Neptuni," ikasema sauti kutoka juu ya kabati.

Nani aliyesema? Alikuwa Chogo. Nyinyi mmezaliwa mkikuta televisheni za flati, nyembamba, zinazotundikwa ukutani. Zamani televisheni ilikuwa na mgongo mkubwa kwa nyuma. Ndiyo tukaiita chogo. Mama yake Mwanaidi alikuwa nayo moja, kuukuu, haiwaki tena. Ameiweka juu ya kabati, ameifunika kitambaa cha kufuma, amepanga maua ya plastiki juu yake. Kuitupa hataki.

"Shi-shikamoo," Mwanaidi akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kipindi chako kilirushwa leo asubuhi. Sasa ni saa 4 usiku. Kimeshapita Neptuni, sayari ya mbali kuliko zote za Jua letu, na bado kinakwenda."

"Babu Chogo, sielewi."

"Ifikirie barabara inayopita mbele ya nyumba. Kipindi kinatoka kwenye mnara wa kituo kikiwa kimebebwa na mawimbi ya redio, kinashika barabara. Hakipigi honi. Hakisimami kituoni. Nyumba iliyo macho inakiona kikipita, na nyumba iliyolala haikioni. Leo asubuhi nyumba yenu ilikuwa imelala. Kimepita, Mwanaidi. Kimepita."

"Kinakwenda mbio kiasi gani?"

"Kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kutamka jina lako na la mama yako, kimeufikia umbali wa Mwezi. Kwa dakika nane hivi kinaufikia umbali wa Jua. Kwa saa nne, ule wa Neptuni. Kinazidi kuwa hafifu, lakini kinakwenda tu."

"Na tukikifukuza kwa roketi?"

Mnamsikia? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoniweka macho kwa furaha.

"Hakuna roketi inayoweza," Chogo akasema. "Mawimbi yale yanakwenda kasi ya mwanga, na mwanga haupitwi na kitu. Vipindi nilivyowaonyesha watu mwaka 1994, ITV ilipoanza na Bara ndiyo kwanza tunapata televisheni yetu, vimeshaziacha nyuma nyota kadhaa. Wenzetu Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vya kwao viko mbali zaidi."

"Kumbe ndiyo maana ukaacha kuwaka? Umechoka?"

Chogo akacheka, maua ya plastiki yakatikisika. "Barabara ilibadilishwa. Zamani kila kituo kilitaka barabara nzima peke yake. Siku hizi za dijitali vituo kadhaa vinapita barabara moja, vimebanana, na king'amuzi kinasimama mlangoni kuvitenganisha. Dar es Salaam mitambo ya zamani ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Nikabaki na chenga. Mama yako akaninunulia king'amuzi, nikaendelea miaka michache, mpaka kioo changu kikafifia. Sina kinyongo."

"Lakini wewe ulikuwa unavionyesha vipindi. Huna hata kimoja ulichokihifadhi?"

"Hata kimoja. Mimi nilikuwa nachora mistari 625, picha 25 kila sekunde. Nachora, nafuta. Nachora, nafuta. Tena nikuambie siri. Mimi sijawahi kuangalia televisheni hata siku moja. Kioo changu kinatazama huku sebuleni. Nilichokiona miaka yote ni nyuso zenu."

Hapo Mwanaidi akakaa vizuri. Akauliza swali alilokuwa analikwepa tangu asubuhi.

"Nikimsamehe Shomari, kipindi kitarudi?"

"Hakirudi."

"Sasa nimsamehe ili iweje?"

"Na ukiendelea kununa, kitarudi?"

Mwanaidi akafikiri. "Hapana."

"Basi kipindi tukitoe kwenye kesi hii. Kiko huko kwenye nyota, hakina habari na nyinyi. Waliobaki ni wawili, wewe na Shomari, na sinia mnalolia pamoja."

"Lakini alikosea!"

"Alikosea. Sana tu. Asingekosea usingekuwa na cha kumsamehe, ungemshukuru kwa umeme."

Naomba nisimame kidogo hapa. Kuna watoto wanadhani kusamehe ni kusema "si kitu" wakati kitu kipo. Hapana. Kama kinauma, sema kinauma. Kaka akikuchelewesha, mwambie umenichelewesha, nimeumia. Ukishayasema yote ndiyo unasamehe. Haya, tumrudie Chogo.

Chogo akasema, "Mama yako alipokuwa na umri kama wako, alikuwa mshika antena."

Mshika antena ni nani? Loo, nyinyi hamjui tabu. Antena ilikuwa nje, juu ya mlingoti, na upepo ukivuma inageuka. Picha inakuwa chenga. Lazima mtoto mmoja atoke akauzungushe ule mlingoti, na wa ndani wapige kelele dirishani: "Bado! Bado! Rudisha! Hapo hapo! Aa, umepitiliza!" Na nyumba aliyokulia mama yake Mwanaidi ilikuwa na mkosi wake. Picha ilitulia pale tu mtu alipokuwa ameushika mlingoti. Akiuachia, chenga.

Kwa hiyo nani alikuwa anaushika? Mdogo kuliko wote. Ndani sebule imejaa, jirani wamekuja, wengine wanachungulia dirishani, wote wanacheka. Yeye yuko nje gizani, kakumbatia bomba la chuma, mbu wanamuuma miguu, anasikia vicheko vya mchezo asiouona. Kila Jumapili. Mwisho wa kila mchezo aliuona kwa masikio.

"Usiku mmoja," Chogo akasema, "mchezo ulifika mahali pazuri. Mwizi anakaribia kukamatwa. Mama yako akaachia mlingoti. Kwa makusudi! Akakunja mikono. Sebule nzima chenga. Ungeziona zile nyuso! Kaka zake wakapiga kelele, jirani wakaguna, mpaka alipoushika tena, mwizi alikuwa ameshakamatwa na majina yanapanda. Hakuna aliyejua alikamatwaje."

"Wakampiga?"

"Walitaka kumnunia, naye alikuwa amewanunia tayari. Nyumba nzima imenuna. Kisha kaka yake mkubwa akatoka nje, akakaa kwenye ngazi karibu na mlingoti. Akasema, 'Mdogo wangu, miezi yote hii sijakuuliza kama unaona. Nimekukosea.' Hakuweka 'haya', hakuweka 'basi'. Akamsimulia mchezo wote tangu mwanzo, kwa sauti za watu wote, ya mwizi, ya mjumbe wa nyumba kumi, ya bibi. Ule mwisho ambao hakuna aliyeuona wakautunga wenyewe wawili. Nami nikiwa ndani nilimsikia mama yako akicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Tangu hapo wakapeana zamu. Likija tangazo, mshika mlingoti anabadilishwa."

"Mama alisahau?"

"Mpaka leo hajasahau. Muulize kuhusu wale mbu. Lakini atakusimulia huku anacheka, na yule kaka yake ndiye anayempigia simu kwanza kila Idi."

Mwanaidi akanyamaza. Halafu akauliza, maana huyu mtoto haishiwi:

"Hakuna mahali popote vipindi vinawekwa?"

"Vipo vinavyohifadhiwa. Chako kipo, kitakuja marudio. Lakini si vyote vina bahati hiyo. Kule Uingereza kulikuwa na kipindi kinaitwa Doctor Who, cha mtu anayesafiri katika wakati. Kilianza mwaka 1963. Kanda za kurekodia zilikuwa ghali sana, basi watu wa BBC wakawa wanafuta za zamani ili watumie tena kanda zile zile. Vipande zaidi ya 100 vikapotea."

"Wabaya hao!"

"Hawakuwa wabaya. Walikosea. Siku zile kipindi kikishaonyeshwa kilihesabiwa kimemaliza kazi. Hawakujua kwamba watoto wa miaka 50 mbele watavitafuta. Ukimkasirikia mtu, muulize kwanza alikuwa anafikiri nini. Mara nyingi utakuta hakuwa anakufikiria wewe kwa ubaya. Hakuwa anakufikiria kabisa, na hilo nalo ni kosa, ila ni kosa jingine."

"Vikapatikana?"

"Nakala zilikuwa zimetumwa nchi nyingi, hata Afrika. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipande tisa vimekutwa Nigeria, mji wa Jos, kwenye kituo cha kurushia matangazo. Vilikuwa vya mwaka 1967 na 1968. Hata hivyo, 97 vilikuwa bado havijaonekana. Na sikia hili. Wakati ule wapenzi wa kipindi walikuwa wanarekodi sauti yake nyumbani, kwa vinasa sauti vyao vya kanda. Ndiyo maana sauti ya vipande vyote ipo, hata vile ambavyo picha haipo."

Mimi nikifika hapo huwa nawaza wale watoto wa Uingereza, kila mmoja na maikrofoni yake mbele ya televisheni, anawaomba wenziwe wasikohoe.

Mwanaidi akalala. Na Shomari? Shomari alikuwa nyuma ya pazia, kasikia kila neno. Asubuhi hakungoja chai. Alikwenda nyumba ya tatu, kwa mtoto wa jirani aliyekiona kipindi. Akamwomba amsimulie. Yule mtoto akataka andazi kwanza, akapewa. Shomari akauliza kila kitu: Kibena alisema nini, Kiduchu alijibu nini, hesabu ilikuwa ya ngapi kuzidisha ngapi. Wimbo ulikuwa mgumu kushika, akarudia njia nzima mpaka mwenye genge la nyanya akamuuliza kama ni mzima.

Akamkuta Mwanaidi uani anafagia. Akamshika ufagio, kumaanisha asimame.

"Mwanaidi, mdogo wangu. Mama alinituma, nikasimama kwenye kibanda umiza. Niliona filamu nikakusahau wewe. Nimekukosea. Nisamehe."

Mmesikia tofauti? Kasema alichokifanya, kwa jina lake. Hakumsingizia wakala, hakuusingizia wino.

Mwanaidi akamwangalia. Bado alikuwa na donge, nisiwadanganye. Donge haliyeyuki siku ile ile kwa sababu mtu kaomba radhi vizuri. Akasema, "Niliumia sana." Shomari akasema, "Najua." Mwanaidi akasema, "Haya. Yameisha. Sasa nisimulie."

Shomari akasimama katikati ya uwanja akaanza. Aliruka, alibadilisha sauti, aliimba kwa sauti isiyopatana na wimbo. Mahali alipokuwa amesahau akaweka mbuzi. Mbuzi aliyejua hesabu! Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi alilokuwa amelifagia. Mama alichungulia jikoni, mwiko mkononi, akarudi zake bila kusema neno.

Jumamosi iliyofuata yakaja marudio. Wakakaa wote watatu. Mwanaidi akangoja, akangoja. Kipindi kikaisha.

"Mbuzi yuko wapi?" akauliza.

"Huyo nilimleta mimi," Shomari akasema.

Mwanaidi anashikilia mpaka leo kwamba kipindi chenye mbuzi ndicho kizuri zaidi.

Sasa najua kuna mmoja wenu ananyoosha kidole. "Mjomba, kwa hiyo mama alimtuma tena Shomari kununua umeme?" Umeuliza vizuri sana. Alimtuma, lakini si Jumamosi asubuhi. Kumsamehe Shomari alimsamehe siku ile ile. Luku ya nyumba ile siku hizi hununuliwa Ijumaa jioni, na Mwanaidi ndiye anayeshika hela.